Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya malazi ya wanafunzi: alama ya X kwenye ukuta wa chumba namba 9

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, Mlezi wa Wanafunzi, na wote waliokabidhiwa dhamana ya malazi katika vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania.

YAH: NYUMBA ZA WANAFUNZI WALIO KATIKA NDOA

Waheshimiwa,

Jumatatu iliyopita fundi mmoja alipita kwenye safu yetu ya kota akiwa na kopo la rangi nyekundu na brashi, akachora alama ya X kwenye ukuta wa kila chumba, kuanzia namba 1 hadi namba 14. Alifanya kazi yake kwa adabu. Alipofika kwetu alibisha hodi, akaomba radhi, akasubiri nianue nguo zilizokuwa kwenye kamba, ndipo akachora. Siku mbili baadaye tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya malazi, likisema kwamba vyumba vyote viachwe wazi ifikapo tarehe 30 Juni ili kupisha ujenzi wa hosteli ya ghorofa nne itakayochukua wanafunzi 400. Mitihani ya mwisho wa muhula, kwa ratiba iliyotolewa na chuo hichohicho na kubandikwa kwenye ubao huohuo, inaanza tarehe 6 Julai.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu wa sayansi, na ninaishi chumba namba 9 pamoja na mume wangu, ambaye naye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua mbili tulizozipeleka kwa njia ya kawaida zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo hazijajibiwa. Sikitaji chuo chetu kwa jina, kwa kuwa naamini shida hii haikuzaliwa kwetu peke yetu, na kwa kuwa, niseme kweli, bado nina mwaka mzima na zaidi wa kusoma hapa.

Niseme mapema kwamba hatupingi hosteli. Vyumba vyetu kumi na vinne vinawahifadhi watu wazima 28 na watoto watano, ilhali hosteli itawahifadhi wanafunzi 400 kwenye eneo lilelile. Yeyote aliyewahi kulala kwenye korido wiki ya kwanza ya muhula kwa kukosa kitanda anajua hesabu hiyo ina uzito, nami nimewahi kuilala korido hiyo. Tunachouliza ni jambo ambalo tangazo halikuligusa hata kwa mstari mmoja, nalo ni hili: watu wazima hao 28 na watoto wao wanakwenda wapi, na mume na mke watakaodahiliwa Oktoba ijayo watapokelewa na nani?

Ili mnielewe, naomba nieleze tulikotoka.

Tulifunga ndoa mwezi Desemba, miezi kumi kabla ya kuanza masomo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka sita, akapata ruhusa ya masomo. Mimi nilitoka kidato cha sita, nikakaa nyumbani mwaka mmoja, nikapata mkopo. Katika fomu ya kuomba malazi ya chuo kulikuwa na sehemu ya kujaza jinsi, kozi, mwaka wa masomo na ulemavu kama upo, lakini hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba nina mume. Nikapangiwa kitanda cha juu cha deka katika chumba cha wasichana sita. Yeye hakupangiwa kitu. Ikabidi abebwe, yaani apokewe na mwenye kitanda, na kwa kuwa wengi wenu mlisoma zamani kidogo, huenda mkahitaji kuelezwa kubebana ni nini: ni watu wazima wawili kulala kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne, miguu ya mmoja kando ya kichwa cha mwenzake, kwa muhula mzima. Mwalimu ambaye kijijini wazee walimwachia kiti alikuwa analala miguuni pa kijana wa miaka ishirini, na kijana huyo, Mungu ambariki, hakuwahi kumdai hata senti.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunakutana kantini saa saba mchana na kwenye ngazi za maktaba jioni. Kwa mujibu wa kanuni za malazi, yeye ni mgeni wa jinsi tofauti, anayeruhusiwa kuketi ukumbi wa chini hadi saa mbili usiku na kuandika jina lake kwenye daftari la mlinzi. Aliliandika jina lake kwenye daftari hilo mara nyingi mno. Matroni wetu, mama mwenye huruma, alikuwa akitazama pembeni tulipochelewa kuagana getini, nami nilimshukuru moyoni, kisha papo hapo nikaona aibu, kwa sababu haiwezekani mtu afumbiwe macho, kana kwamba anaiba, kwa kosa la kuongea na mume wake wa ndoa.

Muhula wa pili tulihamia mtaani. Dalali alituonyesha vyumba vinne kwa siku moja, akitoza ada ya kuonyesha kwa kila safari, na mwisho tukapata chumba kimoja cha shilingi 70,000 kwa mwezi ambacho mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja kwa dalali. Shilingi 490,000 zikatoka kabla hatujanunua hata ndoo. Mnafahamu kwamba fedha ya chakula na malazi anayokopeshwa mwanafunzi ni shilingi 10,000 kwa siku, na mnafahamu pia kwamba bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, huja kwa awamu, wala haiji siku mwenye nyumba anapotaka. Mshahara wa mume wangu una makato ya mkopo wa benki aliouchukua kabla ya kuja chuo, na unamtunza mama yake. Sisemi haya ili tuonewe huruma. Ninayasema kwa sababu afisa mmoja alipotuambia kwamba mwenye ndoa "ana uwezo wa kupanga mtaani," alikuwa anasema jambo linaloweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi, na tukilihesabu halikubali.

Chumba chenyewe hakikuwa kibaya. Kilichotushinda ni umbali wa kilomita tano na giza la njiani. Nikitoka maktaba saa tatu usiku, bodaboda ilikuwa shilingi 2,000, na nisipokuwa nazo nilitoka maktaba saa kumi na mbili jioni, wakati wenzangu ndiyo kwanza wanaingia. Umeme wa nyumba nzima ulipita kwenye mita moja ya LUKU iliyohudumia wapangaji saba, mmoja wao akiwa fundi wa kuchomelea, kwa hiyo wiki ya mitihani nilisoma kwa tochi ya simu. Nilipata sapu moja, yaani mtihani mmoja wa kurudia, muhula huo. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya tochi, kwani huenda nisingeipenda kemia hata kwenye mwanga wa jua, lakini sapu hiyo ninaikumbuka pamoja na tochi.

Oktoba iliyofuata jirani mmoja wa mtaani, aliyekuwa mwaka wa tatu, alitunong'oneza kwamba chuo kina kota za zamani nyuma ya karakana, zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wa ngazi za chini, na kwamba watumishi walipohama vyumba vile vilianza kupangishwa kwa wanafunzi wenye cheti cha ndoa. Hazikutangazwa popote. Tulikwenda ofisi ya malazi na cheti chetu, tukaandikwa kwenye daftari, tukasubiri wiki tatu, tukaitwa, tukapewa ufunguo mmoja uliofungwa kwa kipande cha waya na karatasi ya masharti yenye mistari minane. Kodi ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipwe kwa muhula.

Tulihama Jumamosi, kwa guta moja na safari moja. Mali yetu yote ilikuwa kitanda cha nne kwa sita kilichofunguliwa mbao, godoro, ndoo mbili, beseni, jiko la mkaa, sufuria tatu, meza ya kusomea iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na maboksi mawili ya vitabu na madaftari. Dereva wa guta alipoona chumba aliuliza kama tuna hakika ndicho hiki. Sakafu ya saruji ilikuwa na ufa uliotoka mlangoni hadi chini ya dirisha. Dari haikuwapo, ila bati tupu lenye matundu mawili ambayo mchana yalitupa sarafu mbili za mwanga ukutani. Wavu wa mbu ulikuwa umechanika. Bomba la maji lilikuwa moja kwa uwanja mzima na lilitoa maji siku tatu kwa wiki, na vyoo vilikuwa vitatu kwa vyumba kumi na vinne. Kabla hatujamaliza kushusha vitu, mama wa namba 4 alitoka na fagio, mtoto akiwa mgongoni, akaanza kutufagilia bila kutuuliza majina, na mume wake akaleta nyundo. Jioni tulipika wali na dagaa kwenye kibaraza, tukafunga mlango, tukalala. Ulikuwa mlango wetu, wenye komeo ndani. Katika miezi kumi na miwili iliyotangulia sikuwa nimejua kwamba kitu nilichokuwa nakikosa ni komeo.

Napenda mlielewe hilo, kwa sababu nimesikia kota zetu zikitajwa kwenye vikao kama aibu ya chuo, na wapangaji wake kama watu wanaosubiri kuokolewa. Ni kweli vyumba ni vibovu. Mvua za Machi tunalala tukiwa tumesogeza kitanda kwenye kona ya kusini, na Juni baridi ya mji huu inapita kwenye bati kama haikuliona. Hata hivyo matokeo yangu yalipanda muhula wa kwanza niliokaa hapa, mume wangu aliacha kusinzia darasani, na kwa mara ya kwanza tulijua mwisho wa mwezi tumetumia kiasi gani.

Tena kuna jambo ambalo hakuna hosteli yoyote inayoweza kutupa, nalo linaning'inia nyuma ya mlango wa namba 4. Ni karatasi kubwa iliyochorwa kwa rula, yenye siku saba na saa za vipindi, ambayo sisi tunaiita ratiba ya kulea. Kila mwanzo wa muhula wapangaji wote huleta ratiba zao za masomo, na mama wa namba 4, anayesoma takwimu na kwa hiyo ana subira ya majedwali, huzipanga hata ikajulikana kwamba Jumanne kuanzia saa mbili hadi saa nne watoto watano watakuwa kwa namba 11, kisha namba 9, kisha namba 2. Mimi sina mtoto bado, lakini jina langu lipo Jumanne na Alhamisi. Mama huyo alijifungua wiki ya tisa ya muhula na akafanya mitihani yote kwa wakati wake. Alikuwa akinyonyesha, anakabidhi mtoto, anatembea dakika sita hadi ukumbi wa mtihani, anarudi. Angekuwa kilomita tano mtaani angeahirisha mwaka. Angekuwa kwenye kitanda cha deka angeambiwa kwa upole arudi kwao hadi mtoto akue.

Na hapa ndipo ninapoomba tuitazame sera ya nchi yetu wenyewe. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito na uzazi wataruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa elimu. Wasichana waliorudi kidato cha tatu au cha nne baada ya tangazo hilo ndio hawa sasa wanaofika vyuoni, wengine wakiwa na watoto wa miaka mitatu au minne, wengine wakiwa wameolewa. Mlango wa sekondari umefunguliwa kwa waraka, lakini mlango wa chuo, kwa upande wa malazi, bado unamjua mwanafunzi wa aina moja tu, ambaye hana mume, hana mke, hana mtoto, na analala futi mbili na nusu.

Wakati mwingine tunaambiwa kwamba ndoa chuoni ni jambo geni. Kwa heshima zote, si geni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wanaomaliza sekondari wafanye kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mahali pao pa kazi kabla ya kuomba chuo kikuu, na matokeo yake ni kwamba kwa miaka kadhaa waliojaa kwenye kumbi za mihadhara walikuwa watumishi, watu wazima wenye familia. Baadhi yenu, waheshimiwa, mlisoma wakati huo au mlifundishwa na waliosoma wakati huo. Utaratibu ule ulibadilika, lakini watu wazima hawakuisha: walimu, wauguzi na maafisa ugani wanaorudi kutafuta shahada wako katika kila darasa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumtaka mtu asubiri mahafali.

Mhadhiri wetu mmoja wa historia ya elimu alitusimulia habari za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, nami nikaenda kuzisoma zaidi. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria iliyowalipia masomo askari waliotoka vitani, na ilipofika mwaka 1947 karibu nusu ya waliodahiliwa vyuoni walikuwa askari hao, baadhi yao wakiwa na wake na watoto. Vyuo havikuwa na pa kuwaweka. Vilichofanya ni kuchukua mabweni ya jeshi yaliyobaki, nyumba za kukokotwa kwa gari, na mabanda ya bati yaliyopinda kama pipa lililopasuliwa katikati, vikayapanga kwenye viwanja vya nyuma na kuwapa funguo. Yalikuwa makazi duni, yenye baridi, na kuta zake zilipitisha kila neno la jirani. Lakini yalikuwapo mwaka uleule yalipohitajika.

Mfano uliokaa kichwani mwangu zaidi ni wa Chuo Kikuu cha California, ambacho mwaka 1956 kilizichukua nyumba za Albany, karibu na Berkeley, zilizokuwa zimejengwa na serikali wakati wa vita kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kuunda meli, kikaweka humo familia za wanafunzi. Nyumba za wafanyakazi zikawa nyumba za wanafunzi wenye ndoa: mnaona kwa nini mfano huu ulinigusa mimi ninayekaa kwenye kota ya mtumishi. Nyumba zile za muda zilitumika miongo kadhaa. Hatimaye zilibomolewa na kujengwa mpya nzuri, na kodi ilipopanda familia zikalalamika kwamba nzuri hizo hawaziwezi. Ninawaletea kisa hiki pamoja na mwisho wake, kwa sababu nayaogopa mambo mawili, kubomolewa bila mbadala, na kujengewa kitu kizuri kuliko mfuko wetu.

Sasa nijibu hofu tatu tulizoambiwa ofisini, maana nazo zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wataoana ili wapate vyumba. Sijui niseme nini juu ya mtu atakayepeleka mahari, akaketisha wazee wa pande mbili na kulisha ukoo wake wote kwa ajili ya chumba cha mita tatu kwa nne chenye bati lililotoboka. Cheti cha ndoa kinatolewa na mamlaka zinazojulikana, na nakala yake inaweza kuhakikiwa. Kama kuna atakayeghushi, chuo kina kanuni za nidhamu kama kilivyo nazo kwa anayeghushi cheti cha kidato cha nne.

Ya pili ni kwamba ndoa ni jambo binafsi na chuo hakipaswi kuingia ndani yake. Tunakubaliana kabisa. Chuo kinaingia ndani ya ndoa yetu pale kinapoandika kwamba mume wangu aondoke saa mbili usiku.

Ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni fedha na nafasi. Tumekaa chini na kuikokotoa. Hosteli ya watu 400, kwa vyumba vya watu wanne, ina vyumba 100. Tukiomba vyumba kumi vya ghorofa ya chini tutakuwa tumewanyang'anya vitanda arobaini na kuwapa wanafunzi ishirini, na tutakuwa tumewalazimisha wachoraji waweke mlango wa pembeni, vyoo vya peke yake na mahali pa kupikia. Kijana anayelala korido ana haki ya kutuuliza kwa nini. Kwa hiyo ombi hilo si la kwanza kwetu, ingawa hosteli zinazojengwa sasa katika vyuo vya umma nchini, zikiwamo zile za HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, zingeweza kuchorwa tangu mwanzo zikiwa na korido moja ya familia, na kuchora tangu mwanzo ni rahisi kuliko kuvunja ukuta baadaye.

Ombi letu la kwanza liko nyuma ya safu yetu. Kando ya karakana kuna safu ya pili ya kota, vyumba vinane, ambayo haimo kwenye ramani ya hosteli mpya na haikupigwa X. Tumeikagua. Leo ni stoo ya viti vilivyovunjika na mashine za kurudufu ambazo hakuna anayekumbuka zilinunuliwa lini. Kuta ni nzima. Inahitaji bati jipya, nyavu za madirisha, vyoo viwili vya shimo vifukuliwe na kujengewa upya, simtanki moja la kuvuna maji ya mvua, na mita ndogo kwa kila chumba ili ugomvi wa LUKU uishe. Mume wa namba 4 na wenzake wawili wa kozi ya ufundi wamepima na kuandika makadirio, ambayo tumeyaambatisha kwenye barua ya pili, ile iliyogongwa muhuri. Wako tayari kufanya kazi ya mikono Jumamosi, chini ya msimamizi wa majengo wa chuo, bila malipo. Viti vibovu tutavibeba wenyewe hadi mtakapoelekeza.

Kwa vyumba hivyo tuko tayari kulipa shilingi 35,000 kwa mwezi badala ya 25,000, tofauti ikiwekwa kwenye mfuko wa matengenezo unaoonekana kwenye hesabu. Tungeomba kiwango kisizidi hapo kwa miaka mitatu. Tungeomba pia kibanda kimoja cha kupikia chenye sehemu za mitungi ya gesi, kwa kuwa sasa tunapika kwa mkaa kwenye vibaraza, moshi ukiingia kwa mtoto wa miezi mitano, wakati nchi imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Vyumba vinane havitoshi familia kumi na nne, nasi tumekubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba wenye watoto watatangulia. Mimi na mume wangu hatumo katika wanane hao, kwa hiyo mnaweza kuisoma barua hii bila kudhani kwamba ninajitengenezea chumba.

La pili ni tarehe. Tunaomba siku ya kuhama isogezwe kutoka 30 Juni hadi mwisho wa Julai, mitihani ikiwa imekwisha. Mkandarasi hajafika, na uzio wa mabati haujawekwa. Wiki nne hizi kwa chuo ni kuchelewa kidogo, kwetu ni muhula mzima.

La tatu halina gharama. Katika fomu ya malazi ya mwaka ujao wekeni kisanduku kimoja cha kuuliza hali ya ndoa na idadi ya watoto. Leo mkiulizwa na Wizara kwamba mna wanafunzi wangapi wenye familia, hamtaweza kujibu, na kitu kisichohesabiwa hakiingii kwenye bajeti. Hata kama mwaka wa kwanza hamtampa yeyote chumba, mtakuwa na namba ya kuanzia.

Na kanuni ya mgeni wa jinsi tofauti, tafadhali, iongezwe mstari unaotofautisha mgeni na mume.

Tumemchagua mpangaji wa namba 4 na mpangaji wa namba 12 kuja kuonana nanyi siku na saa mtakayopanga, isipokuwa Jumanne kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwa sababu zilizo kwenye ratiba ya kulea. Watakuja na makadirio, na picha za safu ya pili. Funguo zote kumi na nne za safu ya kwanza tumezikusanya namba zake kwenye orodha moja, na siku ya kuhama tutazikabidhi kwa pamoja zikiwa zimefungwa kwa waya kama tulivyozipokea. Tunaomba tu tuelezwe tunamkabidhi nani, na kama mtu huyo atakuwa na nyingine nane za kutupa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba namba 9